JIWE LA NYOKA: Historia ya jiwe la kijani lililoishia juu ya mapaa yetu

1.

Niliwaahidi mfululizo mpya wa historia na leo ndio huu. Mimi ni nesi wa hospitali, si mwalimu wa jiolojia, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya wodini, ile ambayo bibi yako akiisikia anaelewa.

Leo tunaongelea jiwe. Najua unajiuliza nesi na mawe wapi na wapi. Subiri. Jiwe hili lina rangi nzuri ya kijani, linachongwa vinyago, linapamba kuta za makanisa na majumba ya kifahari. Ila lina mtoto mmoja, mweupe, laini kama pamba, ambaye mpaka leo anaua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Na hapo wanahesabiwa wale waliokutana naye kazini.

Inawezekana kabisa yupo juu ya paa la shule uliyosoma. Chukua chai, twende taratibu.

2. Jiwe lenyewe ni lipi?

Linaitwa serpentini. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la nyoka, maana lina mabaka ya kijani kibichi, kijani cheusi na manjano, ukilitazama ni kama ngozi ya nyoka. Watu wa kale walikuwa na imani kwamba ukilibeba nyoka hakuumi. Wewe usijaribu.

Linatokeaje? Chini sana ya ardhi, chini ya gamba hili tunalokanyaga, kuna mwamba uliojaa madini ya olivini, nayo pia ni ya kijani. Mwamba huo ukisukumwa juu, hasa chini ya bahari, maji yanaingia kwenye nyufa. Jiwe la moto likikutana na maji, linayanywa. Sisemi kwa mafumbo, maji yanaingia ndani ya jiwe na kuwa sehemu yake. Olivini inageuka kuwa serpentini. Ukichukua kilo moja ya serpentini safi, kama gramu 130 ni maji yaliyofungwa humo. Vingine ni magnesi, silika na oksijeni. Ndiyo maana wataalamu wanaliweka kwenye ukoo wa silikati.

Kwa hiyo ukiona serpentini juu ya mlima, jua hapo palikuwa chini ya bahari au chini zaidi, ardhi ikapasuka na kupanda. Ndugu zetu mlioko Oman, mnaishi jirani na mfano maarufu kuliko yote duniani: ile milima ya Hajar nyuma ya Muscat ina mwamba wa chini ya bahari uliobebwa juu nchi kavu, na sehemu kubwa imeshageuka serpentini. Wanasayansi wanatoka pande zote za dunia kuja kuishika kwa mikono.

3. Watoto watatu wa serpentini

Ukoo huu una watoto wengi lakini wakubwa ni watatu. Wote wametengenezwa kwa vitu vilevile. Wanatofautiana namna matabaka yao yalivyopangwa.

Wa kwanza ni lizarditi. Jina limetoka rasi ya Lizard kule Cornwall, Uingereza. Matabaka yake yamelala bapa. Huyu ni mpole, ndiye anayepatikana kwa wingi kuliko wenzake.

Wa pili ni antigoriti, jina la bonde la Antigorio kule Italia. Matabaka yake yana mawimbi, kama bati. Huyu ni mgumu zaidi na akisuguliwa anang'aa. Ana aina moja nzuri sana inaitwa boweniti, kijani cha kupitisha mwanga. Wamaori wa New Zealand wanaiita tangiwai na wameitengenezea mapambo ya kuvaa kwa karne nyingi.

Wa tatu ni krisotili. Huyu ndiye kisa chetu. Matabaka yake hayakulala na hayana mawimbi, yamejikunja kama mkeka unavyokunjwa, yakawa vimrija virefu vyembamba. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko kimrija kimoja zaidi ya mara elfu. Vimrija vikikusanyika vinakuwa nyuzi. Unalichukua jiwe, unalichambua kwa vidole, linatoka kama pamba. Jiwe ni la kijani, nyuzi zake zinatoka nyeupe.

Nyuzi hizo ndizo asbesto. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi mnaijua zaidi kwa jina la Kifaransa, *amiante*.

Hapa niweke jambo sawa. Asbesto si krisotili peke yake. Kuna ukoo mwingine wa mawe wenye nyuzi, ambamo mna asbesto ya buluu na ya kahawia. Ila asbesto yote iliyowahi kutumiwa na binadamu, zaidi ya asilimia 90 ni krisotili, mtoto wa jiwe la nyoka.

4. Kitambaa kisichoungua

Watu wameijua asbesto zamani sana. Huko Finland wamechimbua vyungu vya maelfu ya miaka vilivyochanganywa udongo na nyuzi za asbesto ili visipasuke. Wagiriki wa kale waliita asbestos, maana yake kisichozimika, wakaitumia kwa tambi za taa. Jina lao la pili lilikuwa amiantos, kisichochafuka, kwa sababu kitambaa chake kikichafuka hukifui. Unakitupa motoni, uchafu unaungua, kitambaa kinatoka kweupe.

Hadithi zikawa nyingi. Kuna ile ya mfalme Charlemagne aliyekuwa na kitambaa cha meza cha asbesto, wageni wakimaliza kula anakitupa motoni kuwatisha. Kuna watu walioamini kwamba ni manyoya ya mnyama anayeishi kwenye moto. Marco Polo, msafiri wa Venice aliyefika China karne ya 13, aliikataa hadithi hiyo. Alieleza kwamba kitu hicho kinachimbwa mlimani, kinatwangwa, kinaoshwa, kinasokotwa nyuzi.

Mwaka 1725 kijana Benjamin Franklin, baadaye mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa London hana hela. Alikuwa na kipochi kidogo cha asbesto, akamuuzia tajiri mkusanyaji Hans Sloane. Kipochi kipo mpaka leo kwenye makumbusho London.

Umeona eh? Kwa maelfu ya miaka asbesto ilikuwa maajabu. Kipochi, tambi, kitambaa cha mfalme. Vitu vichache. Kilichobadilisha mambo ni mashine za mvuke.

5. Dunia inataka jiwe

Mashine ya mvuke inataka kufungwa mabomba yake, moto usitoke na mvuke usivuje. Ukitumia nguo inaungua. Ukitumia asbesto, kazi imekwisha. Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kuitafuta kwa tani.

Mwaka 1876 nyuzi za krisotili zikaonekana Thetford, jimbo la Quebec, Canada. Muda si mrefu milima ya kijani ya hapo ikaanza kuchimbwa, na jirani yake ukazuka mji uliopewa jina la Asbestos kabisa. Shimo la mgodi pale lilipanuka mpaka likafika upana wa kama kilomita 2, nyumba na mitaa ikahamishwa kulipisha.

Urusi nao, kwenye milima ya Ural, wakapata krisotili miaka ya 1880. Mji wao unaitwa Asbest. Shimo lake lina urefu wa takriban kilomita 11, na bado linachimbwa mpaka ninavyoandika.

Italia wakawa na Balangero, karibu na Turin. Mwandishi Primo Levi, ambaye baadaye alipelekwa Auschwitz akatoka hai, alifanya kazi pale kama mkemia akitafuta nikeli kwenye mabaki ya mgodi. Cyprus nao mgodi wao uliitwa Amiantos, lile jina la Kigiriki.

Na Afrika? Zimbabwe, enzi hizo Rhodesia, ina krisotili nzuri sana pale Zvishavane na Mashava. Wapenzi wa mpira mtakuwa mmesikia timu ya Shabanie Mine. Ndiyo, ni timu ya mgodi wa asbesto. Eswatini walikuwa na mgodi wa Havelock, mji wa Bulembu, uliofunguliwa 1939 na kufungwa 2001. Kwa sababu ya milima, asbesto ilisafirishwa kwenye ndoo zinazoning'inia kwenye waya, kilomita 20 hewani, kuvuka mpaka hadi Barberton, Afrika Kusini. Waya ulipita juu ya mabonde, na chini yake watu wanaishi.

6. Mtu wa saruji

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo jiwe linaingia nyumbani kwako.

Kulikuwa na Mwaustria anaitwa Ludwig Hatschek. Alichukua mashine ya kutengenezea karatasi, badala ya ubao uliosagwa akatia saruji na nyuzi za asbesto na maji. Zikatoka karatasi ngumu za kuezekea. Haziozi, haziungui, haziliwi na mchwa, na bei ni ya chini. Mwaka 1901 akazisajili kwa jina la Eternit, kutoka neno la Kilatini la umilele. Yaani paa la milele.

Wazo likaenda dunia nzima. Karatasi za mawimbi za kuezeka, mabomba ya maji, matangi, dari, mabomba ya choo. Baada ya vita vya pili vya dunia, nchi zilikuwa zinajenga kwa kasi, na nchi zetu zilipopata uhuru nazo zikajenga kwa kasi. Shule, zahanati, nyumba za walimu, nyumba za reli, kota za serikali. Ukipita maeneo ya zamani utaziona: bati nene za kijivu, hazing'ai, hazishiki kutu, juu zimeota kuvu nyeusi. Watu wanaziita bati lakini hazina chuma hata kidogo. Mvua ikinyesha hazipigi kelele, na jua likiwaka ndani kuna baridi. Wazee wengi wanazipenda kwa sababu hiyo, na wana haki ya kuzipenda, hawakuambiwa.

7. Nellie

Sasa turudi Uingereza, mji wa Rochdale. Hapa nataka ukae vizuri.

Nellie Kershaw alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 12. Kazi yake ilikuwa kusokota asbesto kuwa uzi. Ile pamba ya jiwe inapita kwenye mashine, vumbi linajaa chumba, na yeye yumo humo kutwa. Mwaka 1917 akahamia kiwanda cha Turner Brothers. Mwaka 1922, akiwa na miaka 31, kifua kikakataa. Akaacha kazi.

Daktari wake aliandika waziwazi kwamba ni sumu ya asbesto. Nellie akaomba fidia. Kampuni ikakataa, kwa hoja kwamba ugonjwa huo haumo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipwa. Ukiangalia, walisema kweli. Haukuwemo. Ungekuwemo vipi na hakuna aliyekuwa ameuandika?

Nellie alifariki tarehe 14 Machi 1924, ana miaka 33. Daktari wa maabara William Cooke aliyafungua mapafu yake akayakuta yamejaa makovu, na ndani ya makovu vipande vya madini. Akalinganisha na asbesto. Mwaka uleule akaandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, na 1927 akaupa ugonjwa jina: asbestosi.

Lakini usifikiri hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema. Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda, mwanamke anaitwa Lucy Deane, alikuwa ameshaandika kwenye ripoti ya serikali kwamba vumbi la asbesto linadhuru wafanyakazi. Lilitazamwa kwa hadubini, likaonekana lina ncha kali kama vioo. Ripoti ikachapishwa. Ikawekwa kabatini.

Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ikatoa uchunguzi wa wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto. Zaidi ya robo yao walikuwa na mapafu yenye makovu. Sheria ikatungwa 1931, ila iliwagusa wa viwandani tu. Mjenzi, fundi mabomba, fundi meli, mke anayefua nguo za mumewe, hao hawakuhesabiwa.

8. Kinachotokea kifuani

Niingie kwenye kazi yangu sasa.

Vumbi la kawaida ukilivuta, pua inalizuia, kamasi inalishika, unakohoa linatoka. Kile kinyuzi cha asbesto ni chembamba mno, kinafuata hewa mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Askari wa mwili wanakuja kukila. Ila kinyuzi ni kirefu kuliko askari mwenyewe, hawezi kukimeza. Anakufa hapo, anamwaga kemikali zake, wanakuja wengine, nao hivyohivyo. Miaka inapita, pale panakuwa na kidonda kisichopona na kovu juu ya kovu.

Magonjwa makubwa ni matatu.

Asbestosi: mapafu yanakuwa magumu kama sifongo iliyokauka. Mtu anaanza kuhema akipanda ngazi, baadaye akitembea, baadaye akiwa amekaa. Kikohozi kikavu. Wengine ncha za vidole zinavimba na kuwa mviringo.

Saratani ya mapafu: mwaka 1955 daktari Richard Doll alionyesha kwamba waliofanya kazi miaka 20 na zaidi kwenye asbesto walikuwa na hatari mara 10 kuliko watu wengine. Na hapa wavuta sigara sikilizeni. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1979 ulikuta hivi: asbesto peke yake iliongeza hatari ya kufa kwa saratani hiyo mara 5, sigara peke yake mara 11, vyote viwili kwa pamoja zaidi ya mara 50. Moja inaizidisha nyingine.

Mesothelioma: saratani ya ule utando unaofunika mapafu au tumbo. Ni nadra, lakini ukiiona, mara nyingi sana nyuma yake kuna asbesto. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walitoa taarifa ya wagonjwa 33, karibu wote wakiwa na uhusiano na eneo la machimbo ya asbesto ya buluu ya Northern Cape. Baadhi hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu, na wengine walikuwa watoto waliocheza kwenye vilima vya mabaki.

Na baya kuliko yote ni muda. Unavuta leo, mesothelioma inakuja baada ya miaka 20, 30, 40 na zaidi. Umeshastaafu, kiwanda kimeshafungwa, na wewe mwenyewe umeshasahau.

9. Saa mbili tofauti

Huo muda ndio uliowalinda wenye viwanda. Angalia mifano miwili.

Quebec, Februari 1949. Wachimbaji kama 5,000 waligoma. Waliomba nyongeza ya mshahara, na pia vumbi lipunguzwe, kwa sababu gazeti lilikuwa limetoka kuandika jinsi watu walivyokuwa wakifa kwa vumbi kwenye mji wa jirani. Mgomo ukaenda zaidi ya miezi minne, polisi wakaja, watu wakapigwa. Walirudi kazini na nyongeza kidogo, vumbi likabaki. Kijana mmoja mwanasheria aliyefuatilia mgomo ule, Pierre Trudeau, alikuja kuwa Waziri Mkuu. Mgodi ukaja kusimama mwaka 2011. Canada ikapiga marufuku asbesto 2018, na mwaka 2020 wakazi wa mji wa Asbestos wakapiga kura kubadili jina. Sasa unaitwa Val-des-Sources.

Casale Monferrato, Italia. Kiwanda cha bati za asbesto kilifanya kazi tangu 1907 hadi 1986. Mabaki yake yaligawiwa wananchi wakayamwaga kwenye njia na nyua za nyumba. Mesothelioma ikawakuta wafanyakazi, kisha wake zao, kisha watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Mwaka 2012 mahakama ya Turin ikamhukumu aliyekuwa mmiliki kifungo. Mwaka 2014 mahakama ya juu ikafuta hukumu. Si kwa kusema kwamba watu hawakufa. Ilisema muda wa kisheria wa kushtaki umepita.

Elewa hapo. Saa ya sheria ilianza kuhesabu kiwanda kilipofungwa. Saa ya mapafu ilikuwa bado haijagonga. Hizo saa mbili hazijawahi kulingana.

10. Leo hii iko wapi?

Nchi nyingi zimekataza. Italia 1992, Uingereza ikamalizia na krisotili 1999, Umoja wa Ulaya wote 2005, Kenya 2006, Afrika Kusini 2008, Brazil 2017. Marekani imepiga marufuku krisotili mwaka 2024, ndiyo, juzi tu. Rwanda wamefanya kampeni ya nchi nzima ya kuezua mapaa ya asbesto.

Lakini haijaisha. Urusi, Kazakhstan na China bado wanachimba. Kuna mkataba wa kimataifa wa Rotterdam unaotaka kemikali hatari zisiuzwe nchi nyingine bila nchi hiyo kuambiwa na kukubali. Aina nyingine za asbesto zimo kwenye orodha. Krisotili imependekezwa tangu 2006, na kila mkutano nchi chache zinapinga. Mkataba unataka wote wakubaliane, kwa hiyo wachache wakikataa imekwama. Hoja ya wauzaji ni kwamba krisotili haina ukali wa ile ya buluu na inaweza kutumika kwa usalama. Ni kweli ya buluu ni kali zaidi kwa mesothelioma. Lakini wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka aina zote kundi la kwanza, vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Na huo "utumiaji salama" unadai mashine za kufyonza vumbi, mavazi maalumu na wakaguzi. Wewe fundi wetu wa kuezua paa, amepanda juu na nyundo na kandambili. Usalama uko wapi hapo?

11. Usilichukie jiwe

Najua kuna mtu ameshaanza kuitazama sanamu yake ya kijani pale sebuleni. Tulia. Wachongaji wa Zimbabwe wamelijulisha jiwe la serpentini dunia nzima. Pale Tengenenge, kijiji cha wasanii kilichoanza 1966, wanalipata jirani, kwenye ule mstari mrefu wa miamba unaoikata nchi yao. Sanamu iliyokamilika ikakaa mezani haikudhuru. Anayehitaji tahadhari ni mchongaji, kwa sababu vumbi la jiwe lolote si chakula cha mapafu. Hata ndugu zetu wa Tabaka, Kisii, wanaochonga lile jiwe laini la sabuni, ambalo ni kama binamu wa serpentini, wanatakiwa walowanishe jiwe kwa maji na wajikinge.

12. Ufanye nini sasa

Haya ndiyo nataka uondoke nayo.

Paa la asbesto likiwa zima, halijavunjika, liache. Nyuzi zimeshikwa na saruji. Hatari inaanza linapovunjwa, linapotobolewa, linapokatwa kwa msumeno, linaposuguliwa kwa brashi, au linapozeeka na kuanza kumeguka.

Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, maana kuna bati za saruji za kisasa zisizo na asbesto zinazofanana nazo. Maabara ndiyo inayojua. Kama nyumba ni ya zamani na hujui, chukulia ni yenyewe.

Usitumie vipande kuziba njia yenye tope, kuzungushia bustani, kujengea banda la kuku au kuinjikia sufuria. Usiwaache watoto wavichezee. Usifagie vumbi lake likiwa kavu, mwagia maji kwanza.

Kuezua ni kazi ya waliofunzwa. Ulizia mamlaka ya mazingira ya nchi yako au halmashauri namna ya kuondoa na mahali pa kufukia. Barakoa ya kitambaa, na hizi za buluu tunazovaa hospitali, hazizuii nyuzi hizi.

Mafundi gereji: breki za magari ya zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Futa kwa kitambaa kibichi.

Maji ya mvua ya paa hilo mnaniuliza sana. Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta hewani. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti wa madhara. Paa linalomeguka lisikae, ila usikeshe kwa hofu ya ndoo ya maji.

13. Swali la mwisho

Wenzangu manesi na madaktari, hili ni letu. Mzee anakuja anakohoa, anahema. Tunapima kifua kikuu, hakuna. Tunarudia, hakuna. Mara ngapi tunamuuliza, "Baba, ujanani ulifanya kazi gani?" Swali hilo halihitaji mashine wala hela. Bandarini? Kwenye meli? Reli? Kiwanda cha bati? Uliezua? Ulichimba Rhodesia au Afrika Kusini? Na wewe mama, mumeo alirudi na vumbi gani kwenye nguo ulizofua? Andika jibu kwenye faili. Nellie Kershaw alinyimwa fidia kwa sababu ugonjwa wake haukuwemo kwenye orodha, na orodha hujazwa na yale yanayoandikwa.

Na wewe msomaji, jioni ya leo muulize babu au baba yako alifanya kazi wapi, na alivuta hewa gani huko. Kama ana kikohozi cha muda mrefu, jibu lake lipeleke hospitali pamoja naye.

Maswali wekeni hapo chini. Nipo zamu ya usiku wiki hii, nitajibu asubuhi nikitoka.